Mtoto Anajua: Mjadala wa Lupembe juu ya Filamu ya Supa Modo

Mwaka 2018 Kenya ilitoa filamu ya dakika 74 iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 ambaye ugonjwa wake madaktari hawauwezi tena. Mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani kijijini ili siku zilizobaki aziishi miongoni mwa watu wake. Mama anataka Jo alale, apumzike, asichoke. Dada yake, Mwix, anakataa. Kwake, kulala kitandani ukihesabu siku si kuishi. Kwa kuwa Jo anapenda mno filamu za mashujaa, Mwix anaanza kumwaminisha mdogo wake kwamba hata yeye ana nguvu za kishujaa, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia katika mchezo huo, hadi wanakijiji wanaanza kumtengenezea Jo filamu ambayo shujaa wake ni yeye mwenyewe. Stycie Waweru ameigiza Jo, Marrianne Nungo mama, na Nyawara Ndambia Mwix. Filamu ilioneshwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2018, na Kenya ikaichagua kuiwakilisha kwenye kinyang'anyiro cha Oscar.

Naipeleka Lupembe, kwenye chai na misitu ya paini, mkoani Njombe. Nina sababu moja. Huku kuna watoto wanaomeza vidonge kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hawajaambiwa ni vya nini. Filamu ya mtoto ambaye wakubwa wanajenga hadithi kumzunguka inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mjadala huu nimeupanga mimi. Wasemaji nimewabuni, nikawapa kazi badala ya majina, wanachobishania hakikubuniwa. Tuseme ni mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi mlangoni, jiko la mkaa liko katikati ya sebule, na filamu imekwisha sasa hivi. Yupo bibi aliyechuma chai maisha yake yote na sasa analea mjukuu wa miaka 12. Yupo nesi wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Yupo mwalimu wa shule ya msingi, mwinjilisti wa kanisa la Kilutheri, KKKT, mwenye banda la video la Makambako, na kijana wa miaka 23 anayepanga mbao hukohuko Makambako. Mjukuu wa bibi amepelekwa kulala mapema, ila mlango wa chumba chake haufungi vizuri.

MWENYE BANDA: Nianze mimi, maana filamu ndiyo riziki yangu. Makambako ni njia panda. Magari ya Tunduma, ya Songea na ya Dar es Salaam yote yanapita pale, na treni ya TAZARA inasimama. Anayeingia bandani kwangu kachoka, anataka mapigano, na anataka yatafsiriwe kwa mbwembwe za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Nikiweka hadithi ya mtoto mgonjwa, nusu wananyanyuka. Zamani nilidhani ni roho ngumu. Sasa naona sivyo. Watu wamechoka na hadithi ambazo mtoto analazwa kitandani ili sisi tulie.

Mfano ni ile tamthilia ya Kituruki, Binbir Gece, iliyoanza mwaka 2006. Mama mmoja, Şehrazat, mwanawe Kaan ana saratani ya damu, fedha za kumpandikizia uboho hana. Bosi wake anampa dola 150,000 kwa usiku mmoja. Hadithi nzito! Lakini Kaan mwenyewe anasema nini? Anapona mapema, halafu miaka mitatu tunafuatilia bosi na mama wanavyopendana na kugombana. Kaan aliugua ili wakubwa wapate kisa. Huyu Jo ni tofauti. Anacheka, anakasirika, anachagua, anawachosha watu. Ndiyo maana mimi ningeiweka bandani, na nadhani wangekaa.

MWALIMU: Kaka, hapo umesema. Ila usiidharau hadithi ya wakubwa kwa sababu ni ya wakubwa. Baba yangu hakukosa Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, mwanamke kila kituo, mpaka UKIMWI ukampata. Huku kwetu hakuna aliyehitaji kufafanuliwa Mkwaju ni nani. Malori yake yalikuwa yanalala Makambako. Na watafiti waliupima ule mchezo. Kituo cha Dodoma kilikaa hadi 1995 bila kuurusha, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia, na waliosikia walikuwa wamebadilika: mipango ya uzazi, idadi ya wapenzi, na kuzungumza nyumbani. Hadithi inaweza kumwongoza mtu mzima.

NESI: Inaweza, mwalimu. Lakini Mkwaju alikuwa onyo. Ilikuwa kabla ya dawa, na onyo ndilo pekee lililokuwepo. Mtoto aliyezaliwa na virusi onyo halimsaidii kitu. Yeye hakukosea popote.

MWALIMU: Sikatai.

NESI: Basi niseme lililonikaa tangu filamu inaanza. Utafiti wa taifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa Njombe wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Taifa zima ni asilimia 4.4. Sisi ndio wa kwanza nchini. Miaka kumi nyuma, utafiti wa 2011 hadi 2012 ulikuwa umekuta 14.8 kwa wenye miaka 15 hadi 49. Tumeshuka, lakini ukubwa wa jambo mnauona. Nyuma ya hao watu wazima kuna watoto. Nakutana nao kliniki. Anakuja na bibi, au na shangazi, au na kaka. Nauliza, "Unajua unakunywa dawa za nini?" Ananijibu, "Za kifua." Mwingine, "Za moyo." Mwingine anamtazama mlezi wake kabla ya kujibu. Huyo ndiye anayeniumiza, maana huyo anajua.

BIBI: Msinitazame mimi.

NESI: Bibi, sijakutazama.

BIBI: Umenitazama. Wote mmenitazama. Haya, ni za kifua. Nimemwambia hivyo, na nitaendelea kumwambia hivyo mpaka amalize darasa la saba. Mnataka nini? Mimi nimezika watoto. Nilipobaki na huyu nilijiambia, huyu hatakufa. Nikamnywesha ile dawa ya maji iliyokuwa chungu, akaitapika, nikampa tena. Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Shamba liko mbali, narudi kwa miguu ili saa ile isipite. Hajawahi kukosa. Sasa mtu anayefanya hivyo mnamwita mwongo?

MWINJILISTI: Hapana, bibi. Hakuna aliyekuita hivyo.

BIBI: Na yule mama kwenye filamu! Mmemwona? Filamu nzima yeye ndiye mkali, yeye ndiye anayesema hapana, usitoke, usikimbie. Dada mtu anapewa kazi tamu ya kucheza. Nani anayefua mashuka? Nani aliyezungumza na daktari? Mkunga yule, anapokea watoto wa wenzake kwa mikono yake, halafu wa kwake anamtazama anaondoka. Mimi nimelia kwa ajili yake, si kwa ajili ya mtoto.

Hapa nasimama upande wa bibi. Mlezi anayebeba mzigo wa kila siku ndiye anayeonekana mkavu kwenye picha, kwa kuwa yeye ndiye anayekumbuka saa ya dawa. Filamu inamtendea haki mwishoni, mama naye anapoingia katika kile alichokikataa, lakini inachelewa. Waandishi wa tamthilia zetu wangepaswa kumsikiliza bibi huyu kabla hawajaandika ukurasa wa kwanza.

MWINJILISTI: Mimi nimeguswa na kule kumrudisha nyumbani. Huku kwetu mtu akirudishwa kutoka hospitali, jirani wanasema ndugu wameishiwa, au wamekata tamaa, au wanataka kumpeleka kwa mganga. Nimeona magari yakitoka hospitali ya Ilembula na mgonjwa ndani, na minong'ono inafika nyumbani kabla ya gari.

NESI: Kurudi nyumbani si kukata tamaa, kama maumivu yanatulizwa. Kanisa lako mwenyewe, Mwinjilisti, lina huduma ya tiba shufaa katika hospitali zake. Ilianzia Selian, Arusha. Uganda wamekuwa na mofini ya maji ya kunywa tangu Hospice Africa ilipoanza kule mwaka 1993. Mtoto wa saratani hapaswi kulia usiku kucha kwa sababu eti yuko nyumbani. Hilo filamu ililipita haraka. Ningependa kumwona mama akimpimia Jo dawa ya maumivu.

MWENYE BANDA: Ungeipunguza kasi, dada.

NESI: Ingekuwa kweli zaidi, kaka.

MWALIMU: Mimi nina pingamizi kubwa kuliko hayo. Tunachanganya mambo mawili. Jo anakufa. Mjukuu wa bibi hafi. Akimeza dawa zake, virusi vikafubaa, atamaliza shule, ataoa, atapata watoto wasio na maambukizi. Tukitumia filamu ya mtoto anayekaribia kufa kuzungumzia watoto wetu, tunawarudisha watu mwaka 1993, wanapoamini kwamba ukisema VVU umesema jeneza. Darasani kwangu nikigusa tu somo hilo, wanafunzi wanaanza kutazamana.

NESI: Hapo umenishika. Na niongeze: asiyepata dawa ndiye aliye hatarini hasa. Watoto waliozaliwa na VVU wasipotibiwa, karibu nusu hawafiki miaka miwili. Wanaotibiwa wanakua. Kwa hiyo ndiyo, Jo na huyu mtoto ugonjwa wao haufanani.

KIJANA: Kinachofanana ni wakubwa.

MWALIMU: Una maana gani?

KIJANA: Samahani, Mwalimu, nimekaa kimya kwa kuwa nilikuwa nasubiri muulize. Mimi ni mmoja wao. Nilizaliwa nao. Niliambiwa nina pumu. Nikakaa na pumu yangu miaka yote hiyo, sikimbii mchakamchaka kwa kuogopa kifua, na kifua hakijawahi kuniuma hata siku moja. Halafu nikiwa darasa la sita nikasoma bango ukutani kliniki, nikaona jina la dawa ni lile la kwenye kopo langu. Bango hilo lilikuwa pale siku zote. Ni kwamba sasa nilikuwa najua kusoma vizuri.

BIBI: Ukafanya nini, mwanangu?

KIJANA: Sikufanya kitu, bibi. Nilinyamaza. Shangazi alikuwa anadhani sijui, na mimi nikawa najifanya sijui, ili asiumie. Tukaishi hivyo. Halafu nikaanza kutupa dawa. Nilikuwa nazitema nyuma ya choo. Mimi sikutaka kufa. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu ningemwambia ningekuwa nimesema kwamba najua. Virusi vikapanda. Nikalazwa. Hapo ndipo nesi mmoja alinikalisha, akaniuliza, "Wewe unafikiri unaumwa nini?" Hakuniambia yeye. Aliniuliza mimi. Nikamwambia yote.

Ndiyo maana nasema kinachofanana ni wakubwa. Jo anajua hali yake. Hakuna anayemwambia kwamba amepona, kwamba ana mafua tu. Mwix anamdanganya kuhusu nguvu za kishujaa, na kuhusu hizo hata mtoto mwenyewe anaingia kucheza. Mimi nilidanganywa kuhusu mwili wangu. Sikuwa na nafasi ya kucheza.

Sauti hii ndiyo iliyonifanya niandike mjadala huu, ingawa nimeibuni. Tunapobishana kama ni halali kumdanganya mtoto mgonjwa, tunatupa kila uongo kapu moja. Upo wa Mwix, ambao mtoto anaushika upande mmoja na mkubwa upande wa pili, na yeyote anaweza kuuachia akitaka. Upo wa kopo la dawa, ambao mkubwa anaushika peke yake, na mtoto akija kuugundua anaanza naye kudanganya ili kumlinda mkubwa. Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua. Hakuna anayepumzika humo.

MWALIMU: Methali yetu inasema mficha maradhi kilio humfichua.

BIBI: Methali hiyo ni ya mtu mzima anayeficha ugonjwa wake mwenyewe, Mwalimu. Mimi sifichi wangu. Nimekusikia, mwanangu, na nimeumia. Lakini ngoja na mimi niseme kile ambacho nesi kila siku ananiuliza na mimi sisemi. Siogopi atangaze. Mtoto ni mtoto, atamwambia rafiki, rafiki atamwambia mama yake, tutatengwa kwenye kisima. Nimeshatengwa kwa mengine, nitazoea. Ninachoogopa ni swali la pili. Nikimwambia una nini, ataniuliza kakipata wapi. Na aliyempa ni mwanangu. Kaburi lake liko pale chini ya mikaratusi, na huyu mtoto kila Pasaka anapeleka maua. Mnataka nimwambie yule unayempelekea maua ndiye aliyekupa?

Hakuna aliyemjibu haraka, na sidhani kama palihitajika haraka. Katika mafunzo yote ya kumwambia mtoto hali yake, hapa ndipo pagumu, na tamthilia nyingi hazifiki hapa.

MWINJILISTI: Mimi naomba niungame jambo kwa niaba ya wenzangu. Mwaka 2011 watu walipomiminika Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha shilingi 500, aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa langu. Walisafiri kutoka kila kona, wakabeba hata watoto. Wapo walioacha vidonge, na ile dawa haikuwaponya. Ninachokumbuka ni kwamba kule watu walizungumza ugonjwa wao kwa sauti kwenye foleni, mbele ya wageni, kwa sababu waliamini wameshapona. Mimbarini kwetu hawakuwahi kuutaja. Kama tungewapa mahali pa kuutaja, labda wasingekwenda mbali hivyo. Bibi, mtoto akiuliza hilo swali la pili, nami niite. Si kwa mahubiri. Nitakaa tu.

NESI: Bibi, naomba nikueleze kuhusu mwanao. Nimeliona faili. Alijifungua nyumbani, masika, barabara ya kutoka hospitali ya Kibena haipitiki. Hakuwahi kupimwa. Mwaka 2013 ndipo Tanzania ilipoanza mpango wa kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yote bila kusubiri kinga ishuke, na haukufika kila kijiji siku moja. Mama akitumia dawa vizuri, uwezekano wa kumwambukiza mtoto unashuka chini ya asilimia 5. Bila dawa unaweza kufika 45. Mwanao alikuwa upande ule mwingine kwa sababu ya barabara na tarehe. Hayo unaweza kumwambia mtoto wa miaka 12 na akaelewa. Mama yako hakujua. Angejua, angekunywa dawa kwa ajili yako kama wewe unavyokunywa sasa.

KIJANA: Mimi ndivyo nilivyoambiwa. Sikumchukia mama. Nilimwonea huruma kwamba yeye hakupata kopo na mimi nimepata.

BIBI: (anatikisa kichwa, haongei)

MWALIMU: Lakini umri, nesi. Miaka 12, sawa. Wa miaka 6 je?

NESI: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011: watoto wa umri wa kwenda shule, miaka 6 hadi 12, waambiwe hali yao, kidogo kidogo, kwa kadiri wanavyoelewa. Wa miaka 6 humwambii neno VVU siku ya kwanza. Unamwambia kuna wadudu ndani ya damu, wamelala, na dawa ndiyo inayowafanya waendelee kulala. Hilo ni kweli. Kesho unaongeza. Ukishamwambia pumu, kesho huwezi kuongeza, unabomoa kwanza. Tena vidonge vya watoto sasa vimerahisishwa, vipo vya kuyeyusha kwenye maji, si chungu kama zamani. Mbeya kuna kituo cha Baylor cha watoto tangu 2011, na vijana wanaojua hali zao wana kikundi chao wanachokutana. Ukiwaona wanacheza pale hutamtafuta mgonjwa ni yupi.

MWENYE BANDA: Sasa hiyo ndiyo filamu. Mbona hakuna anayetengeneza? Wapeni kamera hao watoto, waseme wenyewe.

NESI: Haiwezekani, na isiwezekane. Kuna Sheria ya UKIMWI ya 2008, inalinda siri ya mtu anayeishi na VVU, na Sheria ya Mtoto ya 2009 juu yake. Hata kama mlezi angekubali, mtoto wa miaka 9 hawezi kujua uso wake ukioneshwa runingani leo utamfanya nini akiwa na miaka 20.

MWALIMU: Hapo ndipo tamthilia inapohitajika kuliko taarifa ya habari. Mtoto halisi huwezi kumwonesha. Stycie Waweru unaweza kumwonesha, kwa sababu yeye si Jo. Akimaliza kuigiza anarudi shule, na sisi tumeona uso wa mtoto anayejua.

MWENYE BANDA: Kwa hiyo uongo mwingine tena.

KIJANA: Huo wote tunaujua, kaka. Umelipia kiingilio.

Mjadala ungeweza kuendelea hadi makaa yaishe, lakini mimi nimeshaamua, na nisijifanye sina upande. Supa Modo ni kazi njema kuliko tamthilia nyingi za mtoto mgonjwa kwa sababu haimponyi Jo ili kutufurahisha, wala haimlazi kitandani ili tulie. Inamwacha awe msumbufu, mwenye matakwa, na mwenye kujua. Ina upungufu: mama anasubirishwa mno kueleweka, na maumivu hayatulizwi kama yanavyotulizwa na watu wanaoyajua. Ila jambo lake kubwa ni la kweli. Mtoto anayeugua anaijua hali yake kwa kutazama nyuso zetu, muda mrefu kabla hatujafungua mdomo.

Nasema haya pia kwa wanaotengeneza tamthilia Tanzania. Tunao uzoefu. Tangu Mkwaju wa 1993 hadi Cheche wa Siri ya Mtungi, aliyeanza kuonekana runingani mwaka 2012 akiwa mpiga picha wa Bagamoyo, tumekuwa na hadithi nyingi za watu wazima na virusi. Tupeni mtoto mmoja wa nyanda za juu. Awe na miaka 11 au 12, avae sweta, apite kwenye chai kwenda shule, na kopo lake liwe mezani, si chini ya godoro. Msimuue mwishoni, kwa sababu anayemeza dawa zake hafi mwishoni. Msimfanye malaika. Atupe dawa sehemu ya tatu, kama kijana wetu, na ajute. Mpeni bibi mkali na mwenye haki yake. Na lile swali la pili, la mama aliye kaburini, mliweke katikati kabisa ya hadithi, maana ndipo walezi wengi walipokwama.

Bibi hakubadilisha msimamo usiku ule. Nisingependa kumbadilisha kwa kalamu yangu, kwa kuwa walezi halisi hawabadiliki kwa usiku mmoja. Alichofanya wakati wageni wanaaga ni kumuuliza nesi tarehe ya kliniki ijayo ni lini, na kama siku hiyo kijana atakuwa na nafasi ya kupanda kutoka Makambako.

Nawe msomaji unayemlea mtoto anayemeza dawa bila kuambiwa, Njombe au kwingineko, usingoje tamthilia. Kabla ya tarehe yenu ijayo ya kliniki, mwambie nesi kwamba unataka mwanao aanze kuambiwa, na mpange wote wawili nani atasema nini na kwa maneno gani. Ukifika pale, mwache mtoto aulizwe kwanza yeye anafikiri anaumwa nini, na wewe umsikilize mpaka amalize.